PS4 ya kuflashi yenye michezo mingi ao Slim ya CD, minunue gani? (Lubumbashi)

Kampemba_usiku

Bandugu jambo yenu yote. Mi niko Lubumbashi, Kampemba, minatumikaka ku farmasi, na kila mwezi nilikuwa natia makuta kidogo pembeni ya kununua PS4 juu ile PS3 yangu lenzi yake ilishakufa, inasoma CD moja inakataa ingine, kesho inakataa hata ile ya jana, nimechoka nayo. Sasa makuta imefika fika lakini hapa mugini minaona njia tatu na kila mutu mwenye minauliza ananivuta kwake.

Ya kwanza, kuko kijana moja upande wa marche ya Kenya eko na PS4 ile ya nono, ya kwanza kwanza, balishaka iflashi, ni kusema balibadilisha programu yake juu icheze michezo ya kopi bila CD, ndani kuko michezo mingi mpaka unakosa ya kuchagua, GTA V, FIFA 23, Mortal Kombat, Naruto, analomba dola mia na makumi tano, na anakupatia maneti mbili, zile za kushika mu mikono za kuchezea. Ya pili, ku vile, katikati ya mugini, duka moja iko na PS4 Slim, ile nyembamba, ya okazioni, banasema inatoka Dubai, ni safi kwa macho, lakini maneti moja tu na CD moja ya FC 24, ile ya mupira, na bei yake inakamata makuta yangu yote, hata ya bisi ya kurudia nyumbani nitalomba. Ya tatu njo yaya yangu mwenye eko Kolwezi, ye anasema ngoja, ongeza makuta, ununue PS5 Digital, juu GTA VI walisema itatoka paka ku PS5 na Xbox Series, PS4 haimo.

Mi minachezaka mupira kwanza, siku ya mungu kiisha misa bandugu banakuya nyumbani tunashindana mpaka mama ya batoto anazima tele. Kiisha minapenda michezo ya hadisi, ile unacheza peke yako usiku bantu yote beko nalala. Online sijachezaka hata siku moja. Umeme kwetu unakuyaka wakati inataka, mara nyingi usiku sana.

Basi munishauri. Na mwenye anajua CD zinapatikana wapi na namna gani munafanyaka na zile update za magiga, anifafanulie, juu mega bei yake inaumiza.

---

Fundi_wa_Ruashi

Mudogo, kwanza PS5 Digital utoe mu kichwa. Haiko ya mubaya, ni plei ya nguvu kabisa, lakini haina pa kutia CD, donke kila mchezo unakokota ku intaneti, na mchezo moja ya leo inakamata giga 50, 80, ingine inapita 100. Piga hesabu na forfe yenye unanunuaka. Na ukiisha kuimaliza hauwezi hata kuiuzishia mutu, iko yako mpaka akaunti itakufa. Mwambie yaya yako kama anataka PS5 atafute yenye pa kutia CD. Na kuna zile Slim za PS5 za 2023, zenye kisomeo cha CD kinatoka na kuingia, hizo zenyewe mara ya kwanza unakifunga zinalomba intaneti kwanza ndio zikitambue, bantu banazinunua wanafika nyumbani hakuna mega wanaanza kulia.

Kati ya nono na Slim, mi minasema Slim. Nono ilitoka 2013, Slim ilitoka 2016, donke hata umuri inasaidia. Nono inakula umeme karibu mara mbili ya Slim wakati unacheza mchezo mzito, na makelele yake utafikiri ndege inaruka Luano. Mi minazifunguaka kila juma, ndani vumbi nyekundu imekauka sawa matofali.

Sasa kuwa Slim haimaanishi ulete makuta na ukimbie nayo. Siku unaenda ku duka ubebe CD yako mwenyewe, hata ya kulomba kwa jirani, na simu yenye kuko mega. Lomba baiwashe mbele yako ku tele. Tia CD, itoe, itie tena, itoe, usikie vile inameza: kama inasita ao inatema mwenyewe, acha. Kamata kamba ya HDMI pale inaingia ku plei, itikise polepole, picha ikipotea na kurudi ujue shimo ya HDMI imeisha, kuitengeneza ni kuchoma na fer a sude na si kila fundi anaweza. Kiisha cheza. Hapana dakika tano, cheza nusu saa mpaka mwenye duka akasirike, juu plei yenye pasta yake ya kupoza moto imekauka inaanza muzuri, moto inapanda, inazimika yenyewe.

Kiisha washa hotspot ku simu, jaribu kuingia ku PlayStation Network, ule mtandao wa Sony wenyewe. Plei yenye Sony walishaifungia haitaingia, na mwenye kuuzisha hatakuambia. Angalia tena ku mipangilio, upande wa sistemu, nambari ya programu: duka ikisema ni safi lakini nambari iko ya zamani, 9.00 ao 11.00, uliza juu ya nini, hizo nambari bantu ba kuflashi banazipenda sana.

Na maneti! Hapo njo banakamatia bantu mingi. Ya kopi inafanana kabisa ku macho. Lakini piga kidole ku ile sehemu ya katikati ya kugusa, uivute kulia na kushoto: ya kopi mingi inabofya tu, haisikii kidole ikitembea. Chomeka ekutere pale chini, sauti itoke. Na ya kweli ukiiacha inachaji wakati plei imelala, taa yake inapumua rangi ya machungwa polepole. Kopi haitakufa leo, itakufa wakati mechi iko penalti.

---

Papa_mapasa

Fundi anasema vizuri lakini anasema sawa mutu mwenye hajalea batoto na plei mu nyumba moja. Mi niko na mapasa, niko na PS4 nono ya kuflashi, mwaka sasa, na haijaniletea matata. CD mu mikono ya batoto inaishi juma moja. Bananiandikia ku CD na biki, banazitia chini ya kiti, moja nilikuta banaifunika sufuria. Michezo yenye iko ndani ya diski haina mutu wa kuikwaruza.

Na huyu ndugu mwenyewe anasema hachezaka online. Sasa kitu gani anapoteza? Akinunua ile ya Kenya leo, leo analala na michezo ya kumaliza mwaka. Akinunua Slim eko na FC 24 peke yake, na mufuko mutupu, atakuwa anaangalia paka ile menyu.

Ila ajue sheria yake: haitiwi ku intaneti kabisa, hata batoto wakilomba YouTube, na ikisema kuna programu mpya unasema hapana, juu ukikubali tu ile kazi yote imepotea. Na diski ya ndani ikikufa, michezo yote imekufa nayo, na yule kijana wa Kenya atakulomba makuta ya kuijaza upya, namba yake ya simu itakuwa imebadilika hata. Mi nilinunua diski ya inje, nikalomba anitilie kopi zote siku ile ile.

---

Dada_belair

Papa mapasa na heshima yako yote, hiyo michezo haijalipwa na mutu, tusiipambe. Lakini sitaki kuanza misa hapa, minataka kujibu swali ya CD juu ndugu aliuliza na hakuna mwenye amejibu.

Mi niko na Slim na sijawahi kuwa na michezo zaidi ya mitatu kwa wakati moja, na nimecheza karibu yote yenye nilikuwa nataka. Siri ni kwamba CD ni makuta. Unanunua, unacheza, unauzisha ao unabadilisha na mutu, unaongeza dola tano ao kumi, unapata ingine. Tuko na kikundi kidogo ku WhatsApp, bantu ba Bel-Air, Kamalondo, Golf, hata moja wa Likasi, kila mutu anaandika iko na nini na anatafuta nini. Muntu akimaliza God of War anasema, ndani ya saa moja iko na mwenye kuikamata. Hiyo haiwezekani na michezo yenye iko ndani ya plei ya kuflashi na haiwezekani na Digital ya yaya yako wa Kolwezi.

Mupira iko na hesabu yake. Kila mwaka mwezi wa kenda inatoka mpya, na siku ile ile ya mwaka jana inaanguka bei sana, hakuna mwenye anaitaka. Mi minanunuaka ya mwaka jana paka wakati ule. Bachezaji bamebadilisha timu, sawa, lakini siku ya mungu mu salon nani anakuuliza kama Mbappé eko wapi, bantu banataka kufungana. FIFA 23 ilikuwa ya mwisho kuitwa FIFA, kuanzia 2023 ni EA Sports FC, na hata FC 26 walitoa ya PS4, donke usiogope kwamba PS4 imeachwa kesho. GTA VI kweli haimo, lakini GTA VI ikitoka bei yake hapa mugini na bei ya PS5 pamoja, tutaongea tena.

Sasa mambo ya giga. CD nyingi za PS4, mchezo yote imo ndani, unatia, inakopiwa ku diski, unacheza bila mega hata moja. Update inakuya ukiwa ku intaneti tu. Michezo ya hadisi ya mutu peke yake, ile toleo yenye iko ku CD mara mingi inachezeka. Lakini angalia yenye jina la Call of Duty. Ile Modern Warfare II ya 2022, CD ya PS5 ilikuwa na karibu mega 70 tu ndani, yote ingine unakokota. Mega 70! Unanunua kifuniko. Mbele ya kulipa CD yoyote, tafuta ku intaneti jina ya mchezo na uulize kama inacheza bila mtandao.

Na Red Dead Redemption 2 ya PS4 iko na CD mbili, moja ya kutia data na moja ya kucheza. Ya data ikiisha kazi yake hauitie tena, njo maana bantu banaipoteza ao banaiazima kwa rafiki haikurudi, kiisha banauzisha ile ya kucheza peke yake ndani ya boite muzuri yenye kungaa. Bila ya data hauendi mahali. Jirani yangu balimufanyia vile. The Last of Us Part II iko vile vile, CD mbili. Fungua boite, hesabu.

Kununua: ku vile kuko maduka lakini beyi ya ku kioo ni ya mugeni, patana. Bale banatoka Sauzi ao banapita Kasumbalesa na mizigo, bamoja banakubali komande, unamwambia jina anakuletea na faida yake kidogo. Usilipe yote mbele. CD za PS4 hazina mipaka ya nchi, ya Sauzi, ya Ulaya, ya Dubai zote zinaingia, tu luga angalia, mi nilikuwaka na moja ya Kiarabu tupu.

---

Kampemba_usiku

Dada aksanti mingi sana, hiyo ya CD mbili sikuijua hata kidogo. Na fundi pia. Papa mapasa umenichekesha na sufuria, bibi amesoma na mi anasema njo batoto yetu watakavyofanya.

Naona niko naelekea Slim. Lakini mumoja anisaidie juu ya umeme. Delestaji hapa hainaga ratiba, uko ndani ya mechi paf, giza. Kiisha ikirudi inarudi na nguvu, balbu zinapasuka. Ile PS3 nafikiri njo kitu ilimaliza. Minunue batri? Stabilizatere? Na CD ikibakia ndani wakati umeme hauko, jamani?

---

Jua_ya_Katuba

Hapa umefika ku muntu wake. Mi minafungaka batri na panneau mu manyumba, na ni mchezaji.

PS4 ndani yake inakubali volti kuanzia 100 mpaka 240, donke umeme kuwa chini haiisumbui sana, tele inaweza kulia mbele yake. Kitu cha kuua ni ile kurudi kwa nguvu. Stabilizatere ya muzuri inasaidia, yenye inangojaka dakika kidogo mbele ya kuachilia umeme, lakini mi hata nikiwa nayo umeme ukienda minachomoa prize. Ukirudi minangoja taa ya jirani itulie, kiisha minachomeka. Hiyo haina bei.

Batri: fanya hesabu, usisikie bale ba ku marche. Slim ndani ya mchezo inakula kama wati 80, mara inapita kidogo. Tele ya LED ya inchi 32 wati 50 hivi. Ongeza inverta yenyewe inakulaka yake, sema wati 150 yote. Batri ya volti 12, Ah 100, ku karatasi ni wati-saa 1200, lakini batri ya asidi ukiikausha kupita nusu unaifupishia maisha, donke kamata 600. Gawanya na 150: saa ine. Inatosha mashindano ya siku ya mungu. Na ile nono ya papa mapasa, na samahani papa, hapo utapata saa mbili na nusu, tatu na bahati. Nono hauilipii tu siku ya kwanza.

Na usiiache plei imelala na taa ya machungwa, ile ya kupumzika. Batu banafikiri imezimika. Umeme ukikatika wakati iko vile, inaumia sawa ile iko na cheza. Izime kabisa.

Siku umeme umekukatia, ukiiwasha itasema haikuzimwa vizuri na itaangalia diski yake, acha imalize. Ikiwa nzito kiisha pale, ao michezo inakataa kufunguka, usikimbilie kuipeleka kwa fundi (fundi nisamehe). Izime, kamata butoni ya kuwashia na usiiachilie mpaka usikie tiii ya pili, kama sekonde saba hivi, itaingia ku menyu ya salama. Funga maneti na kamba ya USB, bila kamba haitakusikia. Chagua namba 5, ile ya kujenga upya daftari ya data. Haifuti michezo wala sevu. Namba 6 na 7 usiziguse, hizo zinafuta.

---

Fundi_wa_Ruashi

Nimekusamehe Jua, ni kweli, nusu ya plei zenye bananiletea zinapona na ile namba 5 na bananilipa dola kumi. Sasa umeniondolea mukate.

Ya CD kubakia ndani: kuko visi chini ya plei ya kuitolea na mukono, unazungusha na turnevisi inatoka polepole. Tafuta video moja ya modeli yako mbele ya kuanza kuchokora, usichokore tundu yoyote.

Na vumbi, kipindi hii ya kiangazi, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi, funika plei wakati haichezi, lakini wakati inacheza usiifunike na kitambaa ya mama hata kama iko ya kushonwa muzuri. Na usiitie ndani ya kabati ya tele imefungwa. Inapumuaka nyuma na mipembeni.

---

Mutu_wa_Ibanda

Mi niko Bukavu, naangalia tu namna bantu ba Lubumbashi munajua mambo. Kwetu huku CD ni shida kuliko kwenu, Sauzi ni mbali, tunangojeaka mwenye anapita Kigali ao Kampala, na ukimupata analeta paka mupira na mapigano, ukimwambia mchezo wa hadisi anakuangalia kama mutu wa ajabu.

Nilipokuwa sina plei nilikuwa nachezaka ku simu na PPSSPP, ile programu ya kufungulia michezo ya PSP. Simu ya kawaida inaiweza. Vijana wa hapa Ibanda banacheza mupira paka vile, banapasiana faili kwa Bluetooth ao Xender, hakuna mega inaondoka. Kama ndugu wa Kampemba anangoja makuta iongezeke, hiyo inaweza kumushikilia kidogo. Tu kwa simu vidole gumba vinavimba.

Lakini mi nilikuwa nataka kusema kitu ingine. Mukiongea mupira munasema FIFA, FIFA, FC. Mi niko mutu wa PES, ile mupira ya Konami, na nitakufa nayo. PES 2021 ku PS4 inakubali utie picha za majezi na USB ku ile sehemu ya kuhariri, ku Xbox haikubali hiyo. Nimetengeneza timu zetu, Bukavu Dawa na Muungano, majezi na majina ya bachezaji na nywele zao. Derby ya Bukavu mu salon yangu inajaza watu kuliko Champions League. Konami waliisha kuacha ile PES, tangu 2021 ni eFootball ya bure, ya kukokota tu ku intaneti, haina CD, na mi kwangu haina utamu. Lakini CD ya PES 2021 ukiikuta ku marche ikamate, watu banaiuzisha rahisi juu banafikiri ni ya zamani.

---

Dada_belair

Weee, hiyo ya majezi! Mutu wa Ibanda utuletee faili. Hapa bantu batataka Mazembe ya 2010, tucheze ile finali ya kombe la dunia ya ma klabu na Inter upya, tulifungwa tatu bila, miye sijasahau.

---

Papa_mapasa

Na Lupopo, timu ingine ya hapa mugini, munaisahau. Kama haina Lupopo mi haitaingia mu nyumba yangu.

---

Mutu_wa_Ibanda

Dada nitatafuta namna ya kuituma, ni nyepesi. Mazembe sina lakini nikipata picha ya jezi muzuri, nyeusi na nyeupe ni kazi ya mangaribi moja. Lupopo papa, nitumie rangi ya jezi ya mwaka gani, juu banabadilisha sana.

---

Kampemba_usiku

Basi nimeamua Slim. Siku ya posho, ile ya mbele ya siku ya mungu, nitaenda ku vile na CD ya jirani, na mega ku simu, na nitacheza ile nusu saa hata mwenye duka akinifukuza. Minataka kumulomba atoe ile FC 24 ku bei, juu kulingana na dada ni CD yenye haina mutu anaitaka sasa, anitolee dola kumi ao kumi na tano, kiisha nitafute PES 2021 na mchezo moja ya hadisi. Fundi, nikikulipa bisi na kinywaji utakuya kunisindikiza? Wewe ukitikisa hiyo kamba ya HDMI bataogopa kuliko mi.

Yaya wa Kolwezi nimemwambia. Amenijibu na neno moja yenye siwezi kuandika hapa.

---

Fundi_wa_Ruashi

Posho asubui niko na plei tatu za kufungua, kiisha saa sita niko huru. Nitakuya. Kinywaji ibakie, lipa bisi. Lakini usiseme ku duka kwamba mi ni fundi, bei itapanda ao bataficha ile ya muzuri, sema niko shemeji.

Na ile FC 24 usiiache dukani. Ikamate ku bei ya chini, iko ya kuanzia na bandugu zako mbele ya PES kupatikana. Kama haitaki kupunguza, lomba maneti ya pili ya okazioni, ya kweli, nitaiangalia mwenyewe.

---

Dada_belair

Shemeji wa turnevisi mu mufuko.

Kampemba, nitumie namba yako ku ujumbe wa pembeni nikutie mu kikundi. Kuko mutu wa Kamalondo eko na Horizon na anatafuta Tekken 7, na mwenye Tekken 7 anatafuta Red Dead, ile ya CD mbili, nimezihesabu. Tukizungusha muzuri utaingilia katikati na FC yako.

---

Kikula_boy

Samahani naingia katikati. Mi niko Likasi, maneti yangu ya PS4 ile kijiti ya kushoto inajiendea yenyewe, muchezaji wangu anatembea bila kumugusa. Ni kubadilisha maneti yote ao kuko dawa?

---

Fundi_wa_Ruashi

Kwanza ifungue uipulize, tia alkoli ya farmasi kidogo chini ya kijiti, uizungushe zungushe, ngoja ikauke kabisa. Mara mingi inapona miezi. Isipopona ni kale kasanduku kadogo chini ya kijiti kamelika, kanabadilishwa peke yake, kuchoma na kutoa, hauhitaji maneti ya mupya. Ukiwa Lubumbashi pita Ruashi. Ukiwa Likasi tafuta mutu mwenye kutengeneza masimu, fer yake inatosha.